Kiu ya Tangi la Saba

Maji ya tangi la saba yalikuwa yamepungua kikombe kimoja.

Si jambo la kumfanya mtu apige kelele. Mama Kidoti alisimama na ndoo mkononi akitazama mstari wa penseli aliouchora jana jioni ubavuni mwa tangi. Maji yalikuwa yamesimama chini ya mstari, upana wa uzi. Akainama kutafuta panapovuja, asipaone. Halafu akaona jambo jingine. Sakafu yote ya karakana ilikuwa na majimaji kama siku zote, isipokuwa chini ya tangi hilo. Pale palikuwa pakavu, pana vumbi, kama pameanikwa juani wiki nzima.

"Kaka Rula, jana ulichota maji humu?"

Mchoraji hakuinua uso kwenye meza yake. Walimwita Rula kwa sababu hakuwahi kuonekana bila rula sikioni, pale ambapo wenzake huweka kalamu. "Mimi? Nichote maji ya meli iliyooza nifanyie nini? Ninawe uso nizeeke miaka mia saba?"

"Basi labda ni mvuke."

"Ni mvuke. Au panya mlevi."

Wakacheka, naye akajaza kile kikombe kilichopungua, akaendelea na kazi.

Karakana ile zamani ilikuwa ghala la barafu, nyuma ya bandari. Miezi saba nyuma, wataalamu wa mambo ya kale wanaozama baharini walikuwa wameikuta meli ya mbao chini ya matope, kwenye mlango wa ghuba. Ilikuwa imelala pale zaidi ya miaka mia saba. Watu walikuja mbio kuulizia dhahabu, wakaondoka wakisonya, maana palikuwa na mbao nyeusi, kamba, mitungi, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akilia kwa furaha. Huyo ndiye Daktari, mkuu wa kazi. Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa daktari wa meli zilizokufa.

Na meli iliyokufa ina masharti yake. Kitu kilichokaa baharini miaka yote hiyo kimejaa chumvi mpaka ndani, na ukikiacha kikauke hivyo hivyo, chumvi hukipasua vipande. Kwa hiyo kila ubao na kila mtungi ulilazwa kwenye tangi la maji matamu ya bomba, ili chumvi itoke polepole. Kila Alhamisi Mama Kidoti alimwaga maji yaliyokolea, akatia mengine, akatumbukiza kipimo na kuandika namba daftarini. Namba ilikuwa ikishuka wiki hadi wiki, kama homa ya mgonjwa anayepata nafuu. Aliishia shule ya msingi, lakini hakuna aliyeyajua matangi yale kumi na mawili kama yeye. Wageni wakija, Daktari humshika bega na kusema, "Huyu ndiye anayeiuguza meli yetu." Maneno hayo alikuwa akienda nayo nyumbani kama mtu aliyebeba zawadi.

Na walimpokea na mwanawe. Baba Kidoti alikuwa mbali kwenye ujenzi wa barabara, na bibi yake mtoto alifanya kazi ya kufua shuka hospitalini, hivyo hapakuwa na wa kumwachia. Kidoti alikuwa na miaka mitatu na nusu, na baka dogo jeusi juu ya mdomo. Daktari mwenyewe alileta kigoda chekundu cha kumtosha. Rula alimpa mabaki ya karatasi. Mpiga mbizi waliyemwita Pezi, jitu la miraba minne, alikuwa kila asubuhi akijifanya anamwogopa mtoto na kujificha nyuma ya mlango. Mama Kidoti aliyaona yote hayo na kuyaweka moyoni.

Ndani ya tangi la saba mlikuwa na mtungi mmoja tu. Ulimfika mtu kiunoni, wa rangi ya kijani kilichofifia, tumbo lake pana kama la mjamzito wa mwezi wa tisa. Mdomo ulikuwa umezibwa kwa lami nene juu ya kitambaa. Pezi ndiye aliyeutoa, na hakupenda kuusimulia.

"Mitungi mingine ilikuwa imelala ovyo," alisema mara moja, akimenya chungwa. "Huo ulikuwa umefungwa kwa mnyororo kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa meli. Mizunguko tisa. Shemeji, mzigo haufungwi vile. Vile anafungwa mtu."

Siku ya pili vilipungua vikombe viwili. Siku ya nne, ndoo nzima. Daktari akaagiza tangi lifunikwe kwa bati zito, na asubuhi bati lilikutwa mahali pake, na maji yamepungua ndoo mbili. Pakawa na harufu pia. Si harufu ya uozo, hiyo walikwisha kuizoea. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu bila kunywa kitu, kavu, nzito, ya kutu, na ilimjia Mama Kidoti usoni kila alipoinamia kipimo, kwa vipindi, ikija na kupotea, ikija na kupotea, kama kuna mtu anahema.

Alhamisi ile namba ya tangi la saba ilikuwa sifuri.

"Sifuri kabisa!" Daktari alipiga makofi. "Mama, umeutoa chumvi yote. Umeuosha mpaka roho!"

Saa saba mchana wenzake wakatoka kwenda kula. Mama Kidoti alibaki uani akisuuza madumu, jua kali, redio ya mlinzi ikiimba getini. Aliporudi ndani alimkuta mwanawe amesimama juu ya kigoda chekundu kando ya tangi la saba. Lile bati ambalo wanaume wawili walilibeba wakiguna lilikuwa limesogezwa pembeni. Kidoti alikuwa anamimina maji ya kikombe chake cha plastiki ndani ya tangi, taratibu, kwa mikono miwili, kama anavyomnywesha mwanasesere wake.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nampa maji. Ana kiu."

"Nani ana kiu?"

"Wa humo ndani." Mtoto alionyesha mtungi kwa kidevu. "Aliniomba. Si ulisema mtu akiomba maji tumpe?"

Kweli alimfundisha hivyo. Mama Kidoti alitaka kucheka, mdomo ukakataa. "Akakwambiaje ulipompa?"

"Akasema tena."

Ndipo akasikia. Gu. Gu. Gu. Sauti ya koo linalomeza, polepole, si ya pupa, kama mtu anayejua kwamba hakuna wa kumnyang'anya, na maji ya tangi yakawa yanashuka mbele ya macho yake, yakiacha ukingo mweusi uliokauka papo hapo, na alichoweza kufanya ni kumnyakua mwanawe kwapani na kukimbilia uani penye jua, akikanyaga madumu, kikombe cha plastiki kikidunda sakafuni nyuma yao.

Kidoti alilia akitaka kikombe chake. Alilia kwa sauti yote, na mama alipompangusa mashavu yalikuwa makavu.

*

Jioni ile mtoto alikunywa vikombe sita. Usiku akaomba kumi. Asubuhi midomo yake ilikuwa imepasuka, ulimi mweupe, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama kama kitambaa. Hakukojoa hata tone.

"Maji yote haya yanakwenda wapi?" bibi yake aliuliza, na hakusubiri jibu. Alimfunga mtoto mgongoni mwenyewe, akatangulia hospitalini.

Walimtundikia dripu. Kufika mchana Kidoti alifumbua macho, akauliza kwa nini ukuta wa wodi hauna picha. Wauguzi wakacheka, mama akalia. Siku ya tatu wakaruhusiwa. Siku ya nne alikuwa amekauka tena, vibaya kuliko mwanzo, na safari hii alipokuwa akinywa, mama yake aliyemshikia kikombe alisikia kitu kilichomfanya akitue chini. Koo la mtoto halikuwa likitoa sauti. Maji yalikuwa yakiingia kinywani na kwisha, kama yanavyokwisha kwenye mchanga.

Dripu tena. Akapata nafuu tena. Muuguzi alipomjaribu kwa maji ya chupa, akanyauka kabla ya saa moja.

Bibi alimvuta mkwewe hadi kwenye kona ya kufulia, katikati ya marundo ya shuka. Akanong'ona.

"Mwanangu, mimi sina elimu, nafua tu. Lakini nimeangalia. Kila wakimpa maji ya kunywa, anakwenda. Kila wakimtundikia ile chupa, anarudi. Nimemuuliza muuguzi ndani ya ile chupa mna nini. Anasema ni maji na chumvi, hakuna kingine."

"Chumvi?"

"Chumvi. Sasa kitu gani hicho kinachokunywa maji ya mtoto wangu lakini ya chumvi hakigusi?"

Mama Kidoti alimwachia bibi mtoto na kwenda bandarini kwa miguu, karibu anakimbia.

Rula alikuwa peke yake mezani, na safari hii hakuwa na utani. Alimvutia kiti. "Mtoto?"

"Yupo. Kaka, niambie kuhusu ile meli. Ilizamaje?"

Rula akafungua mchoro mkubwa aliokuwa ameukunja. "Sikutaka kumwonyesha mtu kabla ya Daktari." Sauti aliiteremsha. "Ona haya matundu manne chini. Tulidhani ni mwamba. Lakini mwamba unatoboa kutoka nje, na vibanzi vinaingia ndani. Hapa vibanzi vimetokea nje, na alama za shoka ziko ndani. Dada, hawa waliitoboa meli yao wenyewe. Walizama kwa kutaka."

"Na mitungi mingine?"

"Kumi na mmoja. Ya maji ya kunywa. Jana tumeifungua." Alilamba midomo. "Vizibo vizima, havijaguswa. Ndani mikavu. Kavu kama chungu kilichosahaulika mekoni. Watu walikuwa katikati ya bahari na maji yao yamenywewa ndani ya mitungi iliyofungwa."

Akaelewa. Alielewa yote kwa mkupuo, kama mtu aliyewashiwa taa chumbani na kuona amekaa na nani. Wale mabaharia walikuwa na kitu kinachokunywa maji matamu. Walikifunga mtungini, mtungi wakaufunga kwenye mkuku, kisha wakakizamisha pamoja na wao wenyewe, mahali ambapo chumvi haiishi. Na miaka mia saba baadaye akaja yeye, Alhamisi hadi Alhamisi, kwa uaminifu, kwa upole, akaitoa ile chumvi mpaka sifuri.

*

Daktari alimsikiliza amesimama. Mama Kidoti alipomaliza, Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Ukiurudishia maji ya bahari tumepoteza miezi saba. Unajua."

"Najua. Ni mimi niliyeiandika kila namba."

"Na mimi siamini mambo haya."

"Sikuombi uamini, Daktari. Nakuomba mtungi."

Daktari akafungua droo, akatoa ufunguo wa lango la gatini, akamwekea kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Pezi akusaidie kubeba. Mimi nitaandika ripoti kwamba tangi lilipasuka." Mlangoni akageuka. "Mbusu huyo mtoto."

Walichota madumu thelathini, yeye na Pezi, kutoka kwenye ngazi za gati, mchana kweupe, winchi zikilia na wapakuzi wakipiga soga zao. Walipoingia karakanani redio ya mlinzi haikusikika tena. Tangi la saba lilikuwa tupu, kavu mpaka chini, na mtungi umekaa katikati yake. Lami ya mdomoni ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama uzi.

Pezi akainua dumu la kwanza. Maji ya bahari yakagusa kitako cha mtungi.

"Mama," ikasema sauti kutoka ndani. "Mama, kiu."

Dumu likamponyoka Pezi. "Shemeji. Si sauti ya Kidoti hiyo?"

Ilikuwa ya Kidoti. Ilikuwa na kile kithembe chake, na ile namna yake ya kuvuta pumzi mwisho wa neno. Mama Kidoti alitoa simu, akampigia bibi.

"Mama, mtoto anaendeleaje?"

"Amezidiwa." Bibi alikuwa analia. "Midomo inacheza kama anayesema, lakini sauti haitoki, mwanangu. Sauti haimo kabisa. Njoo."

"Mama, nipe maji matamu, nipe kidogo tu, nimekuwa na adabu, sijalia," ilisema sauti mtungini, na Mama Kidoti alijua sasa kwamba si ya kuigiza, kwamba ni yenyewe, sauti ya mwanawe aliyemzaa, imo humo gizani pamoja na kile kilichoichukua, na mkono wake wenyewe ukawa unakwenda kwenye bomba la ukutani, mkono wa mama, ambao haukuwahi kumnyima mtu kikombe cha maji tangu uumbwe, ukafika, ukashika koki, na koki ilikuwa ya baridi, na ingemchukua robo mzunguko tu.

"Shemeji!" Pezi aliita kwa mnong'ono. "Shemeji, angalia ufa."

Ufa wa lami ulikuwa unapanuka.

Akaachia koki. Akainua dumu, akafumba macho, akamimina. Sauti ikapiga ukelele. Akainua la pili. "Mama, inachoma! Mama, unaniua!" Akamimina, akilia kwa kwikwi, akisema, "Nisamehe, nisamehe, nisamehe mwanangu," na Pezi akimpokeza dumu baada ya dumu huku naye machozi yanamtoka, mpaka maji yakafika begani mwa mtungi, yakafika shingoni, na sauti ikawa si ya mtoto tena, ikawa nene, kavu, ya kinywa kilichokosa maji tangu zamani za kale, ikisema neno lilelile, kiu, kiu, kiu, na dumu la mwisho likaufunika mdomo.

Kimya. Kisha, mbali, redio ya mlinzi.

Simu ikalia. "Amekojoa!" Bibi alikuwa anapiga kelele wodi nzima isikie. "Amekojoa, mwanangu! Kalowesha shuka, kalowesha godoro, kanilowesha na mimi! Analia, machozi haya hapa, anakuita!"

Kabla jua halijazama Pezi aliubeba mtungi ndani ya pipa la maji ya bahari, akaenda nao kwa boti hadi pale walipouokota, akazama nao na mnyororo mpya. Alifunga mizunguko tisa. Aliongeza wa kumi.

*

Sasa ni mwezi wa pili tangu siku ile. Kidoti amenenepa. Anakimbia, anaimba, anamsumbua bibi yake. Kila mtu anasema amerudi kama alivyokuwa, na Mama Kidoti anaitikia, na anatamani kuwa hakika.

Maana alisikia sauti mbili ndani ya mtungi ule, na aliyerudi ni mmoja, na sauti aliyorudi nayo ilitokea humo.

Hivyo kila mtoto anapoomba maji, mama hugeuka kidogo na kutia punje za chumvi kikombeni, chache tu, kisha hukaa na kumtazama anywe. Na Kidoti hunywa. Hukunja uso, lakini hunywa, na mama hupumua.

Leo mchana, akiwa anakunja nguo kibarazani, alihisi mkono mdogo ukimgusa goti.

"Mama, kiu."

Akainuka, akamletea kikombe. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili, akakiinua mpaka puani, akakirudisha.

"Hiki kina chumvi. Sitaki. Nipe matamu."

Mtoto yeyote angesema hivyo. Mama Kidoti alijiambia mara mbili. Mtoto yeyote.

"Onja kwanza, mwanangu. Funda moja, halafu nitakupa mengine."

"Sitaki."

"Mpe mtoto maji, wewe!" bibi aliita kutoka ndani. "Jua lote hili unambembeleza nini?"

Kidoti alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, anasubiri. Hakulia, hakununa, hakupiga mguu chini kama alivyokuwa akifanya zamani akinyimwa kitu. Alisubiri tu, kwa subira ya mtu mzima, na hakupepesa macho.

"Mama," alisema kwa upole, "kwani hunipendi?"

Ndoo ya maji matamu ilikuwa hatua mbili tu, imefunikwa kwa sahani. Mama Kidoti aliitazama. Akamtazama mwanawe. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka kidogo pembeni, kama ya mtoto yeyote aliyecheza juani, na kikombe cha chumvi kilikuwa mkononi mwa mama, na hakuweza kukitua, wala hakuweza kumnywesha.